Bulle Hakufika

Bulle alimdanganya Saado, na kwa uongo huo Leylo, binti pekee wa Saado, akawabeba wanawe wawili hadi mahali pasipo na paa, maji wala mtu wa kuwapokea. Hilo ndilo kosa. Hapa mjini Maua wapo wanaoliita bahati mbaya, na wapo wanaosema ni mapenzi ya Mungu. Saado hataki kusikia. Mungu hakupanda ndege kwenda kutazama. Aliyepanda ni Bulle.

Kwao Saado, tangu enzi za ngamia, kambi haihami kwa kubahatisha. Hutangulizwa mtu mmoja akaone malisho kwa macho yake na kuonja maji kwa ulimi wake, ndipo arudi aseme. Mtu huyo huitwa sahan. Anaweza kuwa mchoyo, anaweza kuwa mgomvi nyumbani kwake, lakini akirudi safarini hasemi uongo, maana watoto wa watu wataufuata ulimi wake jangwani. Babake Saado alikuwa sahan. Mwaka mmoja alirudi akasema, "Mto umenizuia, sikufika." Alichekwa na vijana, lakini kambi ilibaki ilipo na hakuna aliyekufa.

Saado aliingia Maua akiwa msichana, akikimbia vita vya nchi yake. Ameuza chai na maziwa pale miraa inapofungwa, ubavuni mwa Gacheri, Mmeru mwenye mdomo usio na breki, ambaye mikono yake hufunga miraa kwa majani ya mgomba hata akiwa anagombana na mtu. Leylo alizaliwa hapo hapo, akaolewa hapo, akafiwa na mume hapo.

Kisha ombi lao la hifadhi likakataliwa, lao na la familia nyingine kadhaa. Akaja Virginia, mfanyakazi wa shirika moja, mwenye sauti laini kama ya muuguzi. Akawaambia warudi kwao. Leylo arudi wapi, mahali ambapo hajawahi kukanyaga?

"Ni kwa hiari," Virginia alisema. "Hakuna atakayelazimishwa." Ila atakayekuwa hajakubali Ramadhani ikiisha, hatasaidiwa tena kodi ya nyumba.

"Hiari gani hii imeshika fimbo?" Saado aliuliza. Watu wakacheka, hakuna aliyekubali.

Shirika likabadili njia. Likasema: basi chagueni mtu wenu akaone. Wakamchagua Bulle, mzee wa malori, mtu wa kuswali safu ya kwanza. Alikwenda, akarudi na shali mpya begani. Msikiti umeezekwa mabati ya kijani, alisema. Kisima kimejaa. Shule imefunguliwa.

"Adeer," Leylo alimuuliza, kwa heshima ya kumwita baba mdogo, "maji umeyaonja?"

"Matamu kama ya vilima vyetu vya Nyambene, binti yangu."

Leylo akafunga mizigo. Saado angemfuata binti yake akishapata nyumba.

Simu ya kwanza ya Leylo ilikuwa ya kilio. "Mama, msikiti ni kuta tu. Kisima kimefukiwa. Mwanangu Isak anaharisha, na maji tunanunua ya mkokoteni. Nimewauliza watu kuhusu Adeer Bulle. Wanasema hakuna mgeni aliyewahi kuja kutazama chochote." Na kutoka, hawezi. Njia imeshikwa na wenye bunduki.

Saado hakulia. Alisikia kundi la pili linaitwa ukumbini likashawishiwe, na kwamba Bulle atasema tena. Akafunika sufuria ya chai, akaenda bila kualikwa, Gacheri nyuma yake.

Bulle alikuwa amesimama mbele. "Nimeona kwa macho yangu..."

"Apa kwamba mguu wako ulifika," Saado alisema kutoka mlangoni.

"Mama Leylo, kaa kwanza unywe soda."

"Apa!"

"Mjumbe hauawi, mama."

"Mjumbe ni aliyefika!"

"Huyu?" Gacheri akadakia. "Huyu hata sokoni Mitunguu kununua ndizi hutuma mtu!"

Ukumbi ukacheka, lakini Bulle hakuapa. Alimtazama Virginia, Virginia akatazama meza. Mwishowe Bulle akasema polepole kwamba aliishia hotelini, karibu na uwanja wa ndege. Watu wa shirika waliompeleka walimwambia barabara ni mbaya, mtu wa umri wake asihatarishe maisha. Aliyoyasimulia aliambiwa na watu hotelini.

"Barabara ilikuwa mbaya kwako," Saado alisema, "ikawa nzuri kwa wajukuu wangu?"

Akina mama waliokuwa wameketi mbele waliinua watoto wao wakatoka, soda zikabaki mezani. Hakuna aliyekubali kuondoka siku hiyo.

Tangu hapo Bulle ametuma sukari, ametuma kitambaa, ametuma shehe aombe msamaha. Saado amevirudisha vyote, na shehe amemnywesha chai tu. Kwao sheria ni moja: sahan aliyeipoteza kambi ndiye anayekwenda kuitoa. Bulle anadaiwa safari ile aliyosema ameimaliza, barabara yote, kwa miguu yake mwenyewe, hadi mlangoni kwa Leylo. Na shirika lililompeleka Leylo kwa neno la mtu ambaye lenyewe lilijua hakufika, linadaiwa kumrudisha Maua, yeye na watoto wake wawili, wakiwa hai.