Mbegu Zote Ziko, Lakini Hazijulikani

Nikirudisha akili nyuma, mwanangu, siku inayonijia mbele ya zote ni ile ya mvua ya kupandia, nilipofungua mlango wa nyumba ya mbegu na kuuacha wazi. Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Lakini mjukuu wangu Riziki anatengeneza hifadhidata kwenye ordinatere, hiyo mnayoiita kompyuta, hapa hapa Kasongo, na wewe unayekuja kujifunza kwake naona unaliogopa jina hilo. Kaa. Mimi hifadhidata niliiharibu kabla mama yako hajazaliwa.

Nyumba ile ilikuwa ya shangazi yangu Marta, kijijini kwetu upande wa Kabambare. Wanawake wote waliweka kwake mbegu zao, kwenye uchaga juu ya moshi: mpunga, mahindi, karanga. Shangazi hakujua kusoma. Kila kibuyu alikifunga kamba yenye mafundo, na hakuna vibuyu viwili vilivyokuwa na mafundo sawa. Mwenye kibuyu naye alikuwa na kamba ya mafundo yale yale nyumbani kwake. Ukifika, huingii. Unasimama mlangoni, unaonyesha kamba, unasema unataka nini, na Shangazi anaingia mwenyewe kukuletea. Mbegu yenye unyevu aliikataa: "Hii ingali na maji, irudishe kwa jua." Na hakuhudumia watu wawili kwa mara moja.

Mimi niliona ni majivuno ya mwanamke anayependa kuombwa.

Basi akaenda kwenye msiba kijiji cha Wamaza, akaniachia mlango. Mvua ikanyesha. Asubuhi wanawake wakajaa uani, kila mmoja anataka kuwahi shamba.

"Ee mutoto, tutaota mizizi hapa!"

"Anangojea tumupigie magoti kama shangazi yake!"

Wakacheka. Nikaona haya. "Ingieni," nikasema. "Kila mutu anajua chake."

Wakaingia wote. Huyu anachota, yule anarudisha iliyobaki kwenye kibuyu kilicho karibu, kamba zinaanguka chini na kukanyagwa.

Helena alifika mwisho. Alikuwa mjane mwenye watoto wadogo, na mpunga wake ulikuwa wa upesi: uliiva wakati wetu ungali majani, na kwa huo watoto wake walipita miezi ya njaa. Akakiinua kibuyu chake.

"Nilileta nusu. Mbona kimejaa?"

Nikainama kuokota kamba zilizokanyagwa.

Shangazi aliporudi hakunipiga. Aliweka ungo mbele yangu, akamwaga mpunga ule. "Tenganisha." Wa upesi na wa polepole, rangi moja, unene mmoja. Nilikodoa macho mpaka yakatoa machozi.

"Umepoteza ngapi?" akauliza.

"Hata moja, Shangazi. Zote ziko."

"Ziko, ndiyo. Lakini hakuna mutu anazijua tena. Kwa Helena ni kama umezichoma."

Helena akapanda hivyo hivyo, hakuwa na nyingine. Shamba likaiva madoadoa, huku manjano, huku kijani. Nikaamriwa kulivuna mimi, suke moja moja kwa kisu kidogo, na watoto wake wakala kwenye chungu chetu msimu mzima. Masuke yaliyotangulia kuiva niliyafunga peke yake, nikafunga na kamba ya mafundo, nikayapeleka kwa Shangazi. Nilisimama nje ya mlango. Nikapiga hodi.

Riziki aliponifunulia mashine yake nilicheka. Mbegu ndizo data. Nyumba yenye uchaga uliopangwa, hiyo ndiyo hifadhidata. Na Shangazi mlangoni ndiye wanayemwita mfumo wa kusimamia hifadhidata; watu wanamchanganya na nyumba, wewe usimchanganye. Riziki anaandika jina la kila mama mwenye mbegu mara moja tu, kwenye jedwali la watu, na kumpa namba isiyofanana na ya mwingine. Kwenye jedwali la mbegu anaweka namba ile tu. Ni kamba mbili zenye mafundo sawa, hakuna zaidi. Mama akihamia Salamabila, anasahihisha mahali pamoja, si mahali ishirini.

Kwa hiyo nakuambia wazi. Kila kitu kipe alama yake kabla hakijaingia. Kibovu kikatae mlangoni, maana kikishaingia utakitafuta mpaka uchoke. Usimfungulie mtu kwa sababu amekucheka, na hata kama nyumba umeijenga wewe, pita kwa mwenye mlango. Tena weka nakala mbali: baada ya kosa langu, Shangazi alipeleka kiganja cha kila mbegu kwa dada yake ng'ambo ya mto. Mimi ndiye niliyebeba.

Mpunga wa Helena ungali unapandwa. Riziki ameupa namba ya kwanza.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho yasiyochoka na moyo usioona haya kumwambia mtu angoje. Na mwenye njaa akifika mlangoni kwako mvua imekwisha kuanza, apate kilicho chake, chote, bila kuchanganywa na cha mwingine.