Kisanduku cha Kioo cha Mfaransa

Mama alimfulia Mfaransa mmoja huko Lavington, mtaa wa matajiri Nairobi, miaka kumi na tisa. Yule mwanamke aliporudi kwao alimwachia nini? Kiwanja? Cherehani? Ng'o! Alimpa kisanduku cha kioo cha kuwekea poda, eti kilikuwa cha nyanya yake. Shukrani ya punda ni mateke, nilisema, tena mbele ya mama.

Mama alikiweka katikati ya kabati la sebuleni, hapa kwetu Umoja, juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe. Ole wako ukikigusa. Kila jirani alisimuliwa: "Hiki ni kitu cha maana. Madam aliniheshimu, hakunipa takataka." Majirani waliitikia "eeh" wakinywa chai yake, kisha wakafika kwenye ngazi wakaangua kicheko. Mama naye alitamani mtu mmoja tu amwambie ni kweli. Mimi sikuwa huyo mtu.

Na kilikuwa na sura gani, jamani? Kioo cheupe kama maji ya mchele, hata ndani huoni. Juu ya kifuniko kereng'ende wanne wamebanana, na kwenye mikunjo ya mabawa yao kumejaa kitu cha kahawia, kama masizi. Wazungu na usafi wao! Miaka yote hiyo na hakuna aliyewahi kukisugua.

Juzi tulikuwa tunangoja wageni wa mahari ya dada yangu. Siku kama hiyo kwetu hata sufuria iliyofichwa chini ya kitanda lazima ing'ae, maana wakwe hupekua kwa macho. Mama alipoenda sokoni nikakitoa kile kisanduku. Nikachukua waya wa kusugulia sufuria na sabuni ya unga, nikakikomesha. Kahawia yote ikatoka. Nikakirudisha kabatini, nikajiona nina akili kweli.

Wageni walipoketi, baba mdogo wa bwana arusi, mzee aliyewahi kuuza vitu vya kale mjini, akakiona kile kisanduku, akaomba akishike. Mama akafungua kabati. Akaona ile kahawia haipo, akanitupia jicho, kisha akampa.

Mzee akakipindua, akasoma maandishi yaliyochongwa chini.

"Hiki ni cha Ufaransa, cha zamani sana," akasema. "Lakini nani amekisugua hivi? Ile rangi ya kwenye mabawa fundi aliipaka mwenyewe. Angalia, na kioo kimechunika."

Nikatazama sakafu. Mjinga mimi, na mdomo wangu wote ule.

"Ni mimi," mama akasema. "Lakini niambie ukweli, mzee. Kabla sijakiharibu, kilikuwa kitu cha maana?"

"Kilikuwa, mama. Sana. Mtu hampi mwenzake kitu hiki kama hamheshimu."

Mama alinigeukia mimi, machozi yanamtoka na huku anacheka.

"Umesikia?" akaniambia. "Umesikia, wewe?"