Nilimlisha mama unga wa mchicha nikiamini nitric oxide itaua saratani yake

Salaam wakuu. Hili nimekaa nalo kifuani muda mrefu. Naandika kama lilivyokuwa, na halinipambi hata kidogo.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia huku Iramba, kwetu Kinampanda. Mwaka jana mama alikutwa na uvimbe kwenye titi. Majibu yakasema saratani, akapangiwa tarehe ya kuanza drip za dawa ya saratani.

Wiki hiyo hiyo nikazama Google. Nikakuta utafiti unasema nitric oxide, gesi ambayo mwili unaitengeneza wenyewe, inaweza kuifanya seli ya saratani ijiue. Nilisoma abstract tu, ule muhtasari wa mwanzo. Hapo ndipo nilipojikwaa.

Mchicha una nitrate, nitrate mwilini inageuka nitric oxide. Na sisi kukausha majani na kuyatwanga ni kazi ya kila kiangazi (wanaokula mlenda wa unga wananielewa). Nikakausha mchicha, nikatwanga, nikamwambia mama tuahirishe drip kwanza.

Hakubisha. Bakuli asubuhi, bakuli jioni.

Mdogo wangu Neema alipiga simu analia. "Kaka, nakuheshimu, lakini mpeleke mama hospitali!" Nikamjibu yeye hajasoma sayansi. Naona aibu kuandika hii.

Tulipomaliza kuvuna alizeti, uvimbe ulishafika kwapani. Ndipo nikampeleka.

Daktari hakunifokea. "Mwalimu, gesi hiyo ikiwa nyingi ndani ya uvimbe inaweza kuua seli. Ikiwa kidogo inaweza kuzilinda zisife, hata kuusaidia uvimbe kuota mishipa ya damu. Mchicha ni mboga nzuri, ale na ugali. Kutibu saratani hauwezi."



Pale nje kwenye benchi nikamwomba mama msamaha. Akanishika mkono.

"Nilijua unga ule haunisaidii, baba. Ila kila nikimaliza bakuli ulikuwa unafurahi. Nikaona nile tu."

Sasa yuko kwenye drip. Nywele zimeisha, uvimbe umepungua kidogo, mwisho wake hatuujui.

Nilichojifunza: kusoma nusu ni hatari, lakini hatari zaidi ni mgonjwa anayekupenda kiasi cha kutokukatalia. Mimi sikumuuliza mama hata siku moja yeye anataka nini.

Wenye wagonjwa nyumbani, ninyi mnawaulizaje mpaka wawaambie ukweli? Wa kunisema naye aseme, nimestahili.