Tulimwambia Mama Anaumwa Tu

Watu wa Mlandege, mtaa wetu wa Iringa, walimwita mama yangu mwenye afya. Alikuwa mnene hasa, anapita mlangoni kwa ubavu, na shangazi zangu walijivunia mwili ule kwa sababu ulionyesha kaka yao anajua kutunza mke. Na mimi nilijivunia. Wajinga sisi!

Baadaye akawa anahema hata akifokeana na jirani tu. Nikampeleka hospitali. Daktari akamwekea mpira kifuani, akasikiliza mpaka nikachoka kusimama, kisha akaniita pembeni. "Wewe ukishtuka, moyo unakwenda mbio halafu unatulia. Wa mama yako umeelemewa na mwili. Ukishaanza mbio, kutulia ni kazi. Apunguze kula, na msimtie wasiwasi."

Shangazi mkubwa aliposikia alikuja juu. "Akonde, watu waseme kaka yangu anamshindisha njaa? Thubutu!" Siku hiyohiyo akampakulia ugali mara mbili.

Kisha kaka yangu, mwana wa pekee wa kiume wa mama, akafukiwa na udongo machimboni Chunya. Baba, aliyekuwa kikazi Mbeya, alituma mtu kwa shangazi na mimi: maiti imepelekwa Iyunga, hukohuko Mbeya, kwa mjomba, mleteni mama. Kwetu mzazi haambiwi msiba akiwa mbali. Anaambiwa mtoto anaumwa, anasafirishwa, akifika ndipo anaambiwa, watu wakiwa tayari kumshika. Nilikumbuka maneno ya daktari, nikaona afadhali hivyo.

Basi liliondoka Iringa asubuhi. Mama alijaza kiti cha watu wawili, mimi nikajibana ukingoni.

"Anaumwa nini hasa?"

"Homa, mama."

"Anakula?"

"Anakula."

Kila nikidanganya alitulia kidogo, halafu kifua kikaanza tena. Nilikiona kikirukaruka chini ya khanga. Tulipofika njia ya kwenda Rujewa alikuwa amelowa jasho, midomo imemgeuka rangi ya majivu, na bado ananiuliza kama mgonjwa ana blanketi. Nikasema analo. Mungu wangu, nilisema analo! Ningemwambia nyumbani angelia, angezimia, tungemmwagia maji, moyo ungepata nafasi ya kupumzika. Mimi nikamtesa kutwa nzima kwa hofu ya kidogo kidogo, nikidhani namhurumia.

Iyunga aliwaona wanaume wamekaa nje kimya, baba katikati yao amejifunika blanketi. Hakupiga kelele. Alinigeukia.

"Ulijua tangu nyumbani?"

"Ndiyo, mama."

"Ungeniambia nikiwa kwangu, mwanangu. Njia nzima nimekuwa nikimwombea apone."

Akakaa chini palepale barabarani. Wanawake walikuja mbio kumshika, kama ilivyopangwa, wakashindwa kumwinua. Alikata roho kabla hajafika mlangoni.

Hadi leo ndugu zangu wanasema mama aliuawa na msiba wa mwanawe. Siwabishii. Wao hawakukaa naye kwenye basi.