Siku Bi Tausi alipokataza nisiinuliwe

Nilianguka mbele ya kijiji kizima, na aliyekataza nisiinuliwe ni mtu aliyenipenda sana.

Nimelikumbuka jambo hilo leo, acha niwasimulie.

Ilikuwa Chanzuru, enzi za Ujamaa. Nilikuwa binti wa miaka kumi na mitano, mguu mmoja umepooza, natembea kwa mkongojo. Kijiji kilikuwa kinachagua wasichana wa kwenda Kilosa mjini kujifunza ushonaji.

Baba akasimama mkutanoni. "Huyu wangu mwacheni. Atateseka bure."

Mwenyekiti akawa anaendelea na wengine.

Ndipo Bi Tausi, fundi wetu wa nguo, akapaza sauti. Naye alikuwa mlemavu wa miguu, na jioni alinifundisha kushona kwa cherehani yake ya mkono.

"Mwenyekiti, muulizeni mwenyewe!"

Jamani! Watu wote wakanigeukia.

Nikainuka. Mkongojo ukateleza, nikaanguka kifudifudi. Mama akakurupuka kuja kuniinua.

"Mwache," Bi Tausi akamwambia. "Nakuomba, mwache."

Dakika ile nilimchukia.

Nikajikokota, nikashika benchi, nikasimama. Kanga yote vumbi.

"Shikamooni wazee. Nataka kwenda."

"Marahaba," mwenyekiti akajibu. "Na ukianguka huko?"

"Nitainuka, kama mlivyoniona."

Hakuna aliyecheka. Baba akasimama tena, akasema, "Basi nitampeleka mwenyewe, kwa baiskeli."

Akanipeleka. Ushonaji ndio ulionilisha hadi uzee huu.

Semeni kweli: mngekuwa Bi Tausi, mngethubutu kuniacha pale chini?