Orodha ya Mahema ya Buterere

Joëlla alikuwa mtu wa kompyuta, si wa matope, ila mafuriko ya Buterere yalimtoa ofisini kwake Rohero, yeye na kompyuta yake. Mahema yalikuwa sitini, familia mia na ishirini. Ilikubaliwa wenye watoto wachanga watangulie, naye Joëlla atoe orodha kabla ya adhuhuri.

Kazi hiyo ilimtoa jasho. Kila familia ilikuwa na rekodi yake, watoto wake wakiwa kwenye jedwali jingine. Alipoiambia programu ipange kwa tarehe ya kuzaliwa, ilipanga watoto ndani ya kila familia, mdogo juu, mkubwa chini, safi kabisa. Familia zenyewe zikabaki palepale, kwa alfabeti! Alipounganisha majedwali mawili, mama wa watoto sita akatokea mara sita. Joëlla akaitukana PHP, lugha aliyoiandikia programu hiyo, na aliyeileta duniani. Mwishowe akaiamuru ichukue tarehe ya kitinda mimba tu wa kila familia, izipange familia kwa hiyo. Ikakubali. Akaichapisha orodha, akampa Pontien, msimamizi wa mahema, ambaye alianza kuita majina.

Pontien alikuwa amefika hamsini na tisa pale mwanamke mmoja, Adélaïde, alipomsogelea Joëlla, kapakata kichanga ndani ya kitenge.

"Mi niko wa ngapi?"

Alikuwa wa mia na tatu. Kwenye rekodi yake kulikuwa na mtoto mmoja tu, wa miaka saba.

"Na uyu?" Joëlla akauliza.

"Iko na siku sita. Ayiko na jina bado. Ule mwenye kuandika alisema mashini inakataa mutoto asiye na jina."

Joëlla alitamani ardhi immeze. Ni yeye aliyeweka sharti la jina, yeye Mrundi, anayejua fika kwamba mtoto hapewi jina mpaka kitovu kianguke. Matusi yote aliyoitupia PHP yalimstahili mwenyewe.

"Andika jina lako," Adélaïde akasema. "Tutabadilisha."

Akaandika. Papo hapo Adélaïde akapanda hadi namba moja.

"Numéro moja tulishaipita," Pontien akasema bila kuinua macho. "Sitini!"

Joëlla akaifunga kompyuta, akaenda akalikalia hema la mwisho, lililobaki limekunjwa chini.

"Soma tena kutoka juu, chef, anza na uyu mama. Mi sitoki apa."