Zakaria, mimi sikurudia nyama mtoni

Wakuu, habari za mchana. Mimi ni mtu wa Mutuka, Babati, niliishia darasa la saba, mwandiko mtanivumilia. Ila haya yamenipata mwenyewe, na goti langu la kulia ni shahidi.

Shemeji yangu Zakaria, kaka wa mke wangu, yule mwenye mashine ya kusaga pale Singe, binti yake alipata kipaimara. Akasema sherehe za nyumbani zimemchosha, twendeni out, tukapumzike mtoni kule msituni chini ya mlima.

Kweli pazuri. Miti mikubwa, kivuli, maji yanapita kwenye mawe. Ukikaa pale unasahau hata bei ya mbolea.

Sasa mlinzi wa msitu akatukataza kuwasha moto chini ya miti. Zakaria akaleta ujanja wake: moto tukauwashe katikati ya mto, kwenye kile kisiwa cha mchanga mkavu. Viti vya plastiki vikahamia huko. Na mama yake mzazi, bibi wa watoto wetu, akakalishwa huko, karibu na moto, maana anasikia baridi.

Mbuzi wa sherehe akiwa motoni nikaona maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Yanaleta majani mabichi na vijiti. Kwetu jua kali, ila juu mlimani wingu jeusi.

Nikasema, "Shemeji, huko juu mvua imenyesha. Tutoke."

Akacheka. "Shemeji wa Mutuka, unamsusa mbuzi wangu?"

Mdogo wake Elia naye akadakia, "Mwacheni, anaogopa kuoga!"

Kwa wasiojua: kwetu ukiondoka kabla mbuzi hajagawiwa, umemtukana mwenye shughuli. Na wewe uliyeoa hapo ndiyo kabisa, utasemwa mpaka uzeeni.

Mimi nikawavusha watoto ng'ambo, nikabaki nao ukingoni. Wakubwa wakaendelea kungoja mgao.

Halafu tukasikia mlio kama lori linamwaga mawe.

Wa kwanza kufika ukingoni ni Zakaria. Wa pili Elia. Bibi wamemwacha kwenye kiti.

Nikarudi. Nikambeba mgongoni, maji magotini, mara kiunoni. Gogo likanipiga mguu. Nikashika mzizi, mke wangu na yule mlinzi wakatuvuta.

Mbuzi akaenda na maji, na viti vyake.

Goti halikunjiki mpaka leo. Jembe kashika mke wangu.

Lakini wakuu, kinachoniuma si goti. Zakaria amezunguka Singe nzima akisema niliumia kwa sababu nilirudia nyama. Watu wakacheka. Hata kanisani nikipita wananong'ona.

Pasaka hii tukawa kwake. Akaanza tena hadithi yake, Elia anapiga meza kwa kicheko. Bibi, ambaye siku zote yuko kimya, akasukuma sahani yake ikafika mbele yangu.

"Zakaria, nyama aliyoirudia ni mimi."

Zakaria akatoka nje kuangalia pikipiki ambayo haikuwa na shida yoyote.

Pole yake sijaisikia bado.

Wakuu, mkienda kupumzika mtoni msiangalie jua la kichwani kwenu, angalieni mlima. Maji yakibadilika rangi, tokeni, mbuzi asusiwe. Mto haujui nani shemeji wa nani.

Na nyie mliooa kwa watu kama hawa, mnakaa nao vipi meza moja? Niambieni, maana Krismasi wamenialika tena.